MKUNGA NA MUUGUZI WA WATOTO: JE, MTU MMOJA ANAWEZA KUSOMEA KAZI ZOTE MBILI?



Kila mara matokeo ya mitihani ya sekondari yanapotoka, dawati la elimu hupokea swali lile lile kutoka kwa vijana, hasa wasichana: "Mimi nataka kusomea kuzalisha akina mama, lakini napenda pia kuuguza watoto. Je, kuna shule inayofundisha yote mawili?" Wengine wamekwisha kuambiwa sokoni kwamba shule hiyo ipo, na kwamba wakitoa pesa kidogo watatafutiwa nafasi. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema kulieleza jambo hili kwa urefu, ili wazazi na vijana waelewe kabla mtu hajauza mbuzi wake au mahindi yake ya msimu mzima.

Jibu ni hili. Hapa Uganda ukunga na uuguzi wa watoto ni kazi mbili, na kila moja huandikishwa kwa jina lake katika Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili, na wapo wenye nazo, lakini huzipata kwa hatua, moja baada ya nyingine. Jambo kubwa ni kujua uanze na ipi. Ukianza vibaya unaweza kujikuta umesoma miaka mitatu, kisha mlango ulioutaka umefungwa.

KWA NINI KAZI HIZI MBILI ZINAKARIBIANA

Tuchukue usiku wa kawaida katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu. Kama mnavyojua, hiyo ndiyo ngazi yenye wodi ya wazazi. Upasuaji na kuongezewa damu hupatikana ngazi ya nne na hospitalini. Mama amejifungua saa nane usiku na mkunga wa zamu ni mmoja. Mtoto ametoka lakini halii. Mkunga anamkausha kwa kitambaa, anamsugua mgongo, anamwangalia. Bado hapumui. Sasa kitovu lazima kikatwe, mtoto alazwe mahali pakavu penye joto, na apuliziwe hewa kwa mfuko na barakoa ndogo, mara 40 hivi kwa dakika, na kazi hiyo ianze kabla dakika ya kwanza haijaisha. Wanaofundisha kazi hii huiita dakika hiyo "dakika ya dhahabu".

Lakini ndani ya dakika hiyo hiyo mama naye anahitaji sindano ya oksitosini, yuniti 10, ili tumbo la uzazi likaze na damu isimwagike. Kondo la nyuma bado halijatoka. Akipoteza nusu lita ya damu au zaidi, hiyo tayari ni hatari, na damu ya uzazi huenda upesi kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo kuna wagonjwa wawili, mikono miwili na dakika moja.

Mkunga aliyefundishwa vizuri anajua kuwahudumia wote wawili. Ndiyo maana hatupendi kusikia watu wakisema mkunga ni wa mama tu na mtoto ni wa watu wengine. Mtoto mchanga ni wa mkunga tangu pumzi ya kwanza, na katika nchi nyingi mkunga huendelea kumwangalia hadi wiki kadhaa baada ya kuzaliwa.

Na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi katika maisha ya mtoto. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 watoto wapatao milioni 2.3 duniani walikufa kabla ya kutimiza siku 28. Hiyo ni karibu nusu ya vifo vyote vya watoto walio chini ya miaka 5 mwaka huo. Katika kila wachanga wanne wanaokufa, kama watatu hufa ndani ya wiki ya kwanza. Wengi huuawa na mambo ambayo wakazi wa kambi mnayajua vizuri: kuzaliwa kabla ya wakati, kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa, na maambukizo.

Kazi ya muuguzi wa watoto inaanzia hapo na kwenda mbele. Mtoto njiti wa gramu 1,400 hawezi kunyonya vizuri. Lazima mtu akamue maziwa ya mama, ayapime, ampe kwa mrija mdogo au kikombe, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na aandike kila kipimo. Mtoto wa siku tatu amegeuka manjano: je, ni manjano ya kawaida au ya hatari? Mtoto wa miezi minane anapumua haraka: je, ni mafua au ni nimonia? Wa miaka miwili amevimba miguu kwa utapiamlo, na ukimwekea maji mengi ya mshipa unaweza kumuua. Wa miaka mitano ana degedege la malaria. Hao wote ni wa muuguzi wa watoto, pamoja na kijana wa miaka 12 mwenye seli mundu anayelia kwa maumivu ya mifupa. Mkunga hakufundishwa hayo yote, au alifundishwa kwa ufupi tu.

Kwa hiyo mahali kazi hizi mbili zinapokutana ni kwa mtoto mchanga na mama yake. Kabla ya hapo ni ukunga mtupu, na baada ya hapo ni uuguzi wa watoto mtupu. Ukielewa hivyo utaelewa pia kwa nini hospitali zinapenda mtu mwenye ujuzi wa pande zote mbili.

Kuna mfano mmoja ambao tunauona ni mzuri sana. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alianza kuwaweka watoto njiti kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Njia hiyo ndiyo tunayoiita kangaroo. Kwa miaka mingi wataalamu walisema kwanza mtoto atulie kwenye mashine, ndipo apewe mama. Kisha utafiti uliofanywa katika nchi tano, yaani Ghana, Uhindi, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulichapishwa mwaka 2021. Ulionyesha kwamba watoto wadogo wenye uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8 wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa robo hivi ukilinganisha na kungoja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili maagizo yake kufuatana na hayo.

Sasa angalieni jambo moja katika utafiti huo ambalo halizungumzwi sana. Ili mtoto akae kifuani tangu mwanzo, mama lazima alale katika chumba kile kile cha watoto wachanga mahututi. Na mama huyo ametoka kujifungua. Anaweza kutokwa damu, anaweza kupata homa. Wauguzi wa watoto ilibidi wafundishwe kumwangalia mzazi, na wakunga na madaktari wa uzazi ilibidi waingie katika wodi ya watoto. Ukuta uliokuwa kati ya wodi mbili ulibomolewa, na watoto wakapona zaidi.

NJIA ZA KUSOMA

Hapa Uganda kwa miaka mingi ngazi ya kwanza ya ukunga imekuwa cheti cha miaka miwili na nusu, kwa mtu aliyemaliza kidato cha nne. Aliyemaliza kidato cha sita na kufaulu masomo ya sayansi husoma stashahada kwa miaka mitatu. Mwenye cheti, baada ya kufanya kazi, huweza kurudi shuleni kwa mwaka mmoja na nusu ili afike stashahada. Juu yake kuna shahada ya chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Lira, kwa mfano, kinafundisha shahada ya ukunga. Masharti hubadilika, na siku hizi serikali inapanga upya mafunzo ya ufundi na ya afya. Kwa hiyo msifuate aliyosoma dada yenu miaka sita iliyopita. Someni tangazo la mwaka huo huo.

Masomo yanayotazamwa ni biolojia, kemia, fizikia, hesabu na Kiingereza. Msichana aliyeacha fizikia kwa sababu aliambiwa ni ya wavulana atajuta hapo. Tunawaomba walimu wa sekondari walikumbuke jambo hili wakati wanafunzi wanapochagua masomo.

Uuguzi wa watoto kwa kawaida ni somo la baadaye. Unakuwa kwanza muuguzi au mkunga aliyesajiliwa, unafanya kazi kwa muda, ndipo unaomba kozi ya watoto. Lakini soma masharti kwa makini: ziko kozi zinazompokea muuguzi tu, na mkunga asiye na uuguzi anarudishwa mlangoni. Hili ndilo kosa la kuanza vibaya tulilolisema mwanzoni. Mtu anasoma ukunga peke yake akidhani ataingia wodi ya watoto baadaye, kisha anaambiwa akaanze uuguzi upya.

Kwa upande mwingine, anayeanza na uuguzi wa jumla anaweza kuongeza ukunga. Viwango vya Shirikisho la Kimataifa la Wakunga vinasema ukunga wa moja kwa moja usipungue miaka mitatu, na kwa aliye muuguzi tayari usipungue miezi 18. Kwa hiyo barabara ya muuguzi, halafu ukunga, halafu watoto, ni ndefu lakini haina mlango uliofungwa.

Ushauri wetu? Kama moyo wako uko kwa mama na mtoto mchanga, soma ukunga, uwe mkunga hodari, kisha tafuta mafunzo ya nyongeza ya kuhudumia wachanga. Usiogope kwamba umekosa watoto, maana utakuwa nao kila siku. Kama moyo wako uko kwa watoto wa umri wote, wa nimonia na utapiamlo na upasuaji, anza na uuguzi. Na kama kweli unataka zote mbili, anza pia na uuguzi, ukijua kwamba utakuwa mwanafunzi kwa miaka mingi, pengine hadi upite miaka 30.

Katika nchi jirani mpango ni tofauti. Tanzania inafundisha uuguzi na ukunga kwa pamoja, na Baraza lake lina majina yote mawili. Nchini Kenya elimu ya muuguzi wa afya ya jamii anayesajiliwa inaunganisha uuguzi, ukunga na afya ya jamii. Aliyesoma huko tayari ana miguu miwili, na kwake uuguzi wa watoto ni hatua moja tu mbele. Kwetu Kongo, kama wengi mnavyojua, Taasisi za Juu za Ufundi wa Tiba, zile tunazoziita ISTM, kama za Goma na Bukavu, zina idara ya wakunga na idara ya watoto, na mwanafunzi huchagua moja.

WALIOSOMA KONGO

Kambini tunao wauguzi wa A2 na A1 na wakunga waliofanya kazi miaka mingi Kivu na Ituri kabla ya kukimbia. Wengine leo wanalima au wanauza nyanya. Ujuzi wao haukufa, lakini hawaruhusiwi kufanya kazi hiyo hapa mpaka Baraza liwape usajili na leseni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi. Hata hivyo, haimwondolei mkunga wala daktari wajibu wa kusajiliwa, kama ambavyo haimwondolei Mganda.

Mwenye diploma ya serikali ya Kongo inayotolewa mwisho wa sekondari, na anayetaka kuingia chuo, lazima kwanza cheti chake kilinganishwe na vya hapa. Kazi hiyo hufanywa na Bodi ya Taifa ya Mitihani ya Uganda, UNEB. Vyeti vya vyuo vya juu hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Karatasi za Kifaransa hutakiwa na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Anzeni mapema, maana haya huchukua miezi, na shule haikungojei.

Na aliyepoteza karatasi zote njiani? Hili ni jambo chungu, kwani wengi walitoka na mtoto mgongoni na sufuria tu. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 22, unazitaka serikali ziwatendee wakimbizi kwa wema kadiri iwezekanavyo katika mambo ya elimu ya juu, ikiwa ni pamoja na kutambua vyeti vya nje. Mkataba hauwezi kuandika upya cheti kilichoungua. Lakini mara nyingi shule au ofisi ya mitihani kule nyumbani bado ina daftari la majina. Kama una nakala kwenye simu ya ndugu, au namba ya mtihani tu, njoo nayo. Hata hiyo inasaidia kuanzia.

Tunasema waziwazi pia: msizalishe watu nyumbani kwa siri kwa pesa, hata kama mlifanya hivyo kwa halali miaka 20. Mama akifa mikononi mwako bila leseni, hakuna ofisi itakayoweza kukutetea.

MAMBO MATATU YANAYOWASHINDA WANAFUNZI

La kwanza ni lugha. Masomo na mitihani ni kwa Kiingereza. Kijana mwenye akili nyingi aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuanguka muhula wa kwanza kwa sababu hakuelewa swali. Mwaka mmoja wa Kiingereza kabla ya kuomba nafasi si mwaka uliopotea. Wodini, hata hivyo, Kiswahili chako, Kinyarwanda chako au Kihema chako ni mali. Mama mwenye uchungu hasikii lugha ya kitabu.

La pili ni hesabu, na hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu vijana hawaamini tukiwaambia. Tufanye mfano wa darasani. Mtoto mchanga ana kilo 3.2 na ameandikiwa dawa ya gentamisini, miligramu 5 kwa kila kilo. Zidisha: ni miligramu 16. Kichupa kina miligramu 80 katika mililita 2, yaani miligramu 40 katika mililita 1. Gawanya 16 kwa 40: ni mililita 0.4. Sasa ukikosea nukta na kuvuta mililita 4, umempa mtoto miligramu 160, mara kumi ya dawa yake, na dawa hiyo ikizidi huharibu figo na masikio. Mwanafunzi mwangalifu angeshtuka mapema, kwa sababu mililita 4 ni vichupa viwili vizima kwa mtoto wa juzi. Kwa mtu mzima kosa dogo la kipimo mara nyingi hupita. Kwa mtoto nukta moja ni uhai. Ndiyo sababu shule zinauliza hesabu, na ndiyo sababu katika uuguzi wa watoto huhesabu kila siku: uzito, matone ya maji ya mshipa, maziwa, mapigo ya moyo, pumzi.

Pumzi zenyewe huhesabiwa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni haraka mno. Kuanzia miezi miwili hadi chini ya mwaka ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano ni 40. Namba hizi tatu mzazi yeyote anaweza kuzishika, hata asiyekusudia kusoma chochote. Mtoto akifika hapo, mleteni kituoni siku hiyo hiyo.

La tatu ni vitendo. Mwanafunzi wa ukunga ana daftari ambamo kila mama aliyempima, kila mtoto aliyempokea na kila sindano aliyochoma huandikwa na kutiwa sahihi na mkunga mwenye leseni. Daftari lisipojaa, mtihani wa mwisho haufanyiki. Hiyo ina maana ya zamu za usiku, sikukuu wodini, damu, matapishi, na siku ambayo mtoto atakufa na wewe ndiye utakayekaa na mama yake. Wazazi wanaowapeleka mabinti kwa ajili ya sare nyeupe tu wangekaa kwanza siku moja kwenye benchi la wodi ya wazazi.

Wanawake wenye watoto wadogo hutuuliza kama wanaweza kusoma. Sheria haikatazi, lakini shule nyingi ni za bweni. Panga ni nani atakayebaki na mtoto, na zungumza na mkuu wa shule kabla ya kulipa, si baada ya kulipa. Wanaume nao huuliza. Kwetu mwanamume anayezalisha si jambo la ajabu. Hapa madarasa ya ukunga yamejaa wasichana, kwa hiyo uliza kabla ya kununua fomu kama shule hiyo inapokea wavulana.

PESA

Hatutawadanganya. Karo, sare, vitabu, usajili na chakula ni gharama kubwa, na nafasi za ufadhili ni chache. Tangu mwaka 2025 misaada imepungua sana katika mashirika mengi yanayohudumia wakimbizi, na elimu ya juu ni kati ya mambo yaliyoguswa. Ufadhili unaojulikana zaidi ni DAFI, unaotolewa kupitia UNHCR tangu mwaka 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani. Huo unalenga masomo ya shahada ya chuo kikuu, kwa hiyo anayeomba shule ya cheti asiutegemee. Mwenye alama za kuingia chuo kikuu na aombe shahada ya uuguzi au ukunga kupitia huko, akijua kwamba waombaji ni wengi kuliko nafasi.

Fomu za ufadhili wa UNHCR ni bure. Kusikilizwa na ofisi ni bure. Mtu yeyote anayekudai pesa, simu, au jambo lingine lolote ili jina lako liingie kwenye orodha ni mwizi, hata kama amevaa koti lenye nembo. Mripoti kwenye dawati la ulinzi. Jina lako halitatajwa.

Na kabla ya kulipa karo kwa shule yoyote ya binafsi, uliza Baraza kama shule hiyo imeidhinishwa. Mabango mazuri yapo mengi barabarani. Shule isiyoidhinishwa itakupa cheti kizuri cha kutundika ukutani, lakini hutafanya mtihani wa serikali wala kupata leseni.

WAKUNGA WA JADI NA WAHUDUMU WA KUJITOLEA

Kila mwaka baadhi yenu hupata mafunzo ya siku tano au kumi hapa kambini: kupima mkono wa mtoto kwa utepe, kutambua dalili za hatari, kuwasindikiza wajawazito. Mafunzo hayo ni ya maana sana. Utepe ukionyesha chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, mtoto huyo ana utapiamlo mkali, na mhudumu aliyemgundua huenda ameokoa maisha. Lakini karatasi ya mafunzo hayo haikufanyi mkunga wala muuguzi, na haitapunguza miaka ya shule. Inachokupa ni mazoea ya wodi na neno zuri kutoka kwa msimamizi wako. Shule nyingine hulitazama neno hilo kwa jicho zuri.

Bibi zetu wakunga wa jadi tunawaheshimu. Wamepokea watoto wengi porini wakati hapakuwa na mtu mwingine. Tunawaomba waendelee na kazi ile ambayo hakuna anayeiweza kuliko wao: kumleta mama kituoni mapema na kukaa naye.

MKIHAMA AU MKIRUDI

Wapo wanaosema, "Nasoma kwa nini hapa, na kesho naweza kupelekwa Ulaya au kurudi nyumbani?" Cheti chenye usajili wa serikali husafiri vizuri kuliko mizigo, ila hakifanyi kazi chenyewe. Kila nchi itakipima upya. Uingereza, kwa mfano, mkunga na muuguzi wa watoto husajiliwa mbalimbali kabisa, kila mmoja na masomo yake, kwa hiyo mwenye zote mbili ataulizwa karatasi za zote mbili. Kwa hiyo, popote mtakapokwenda, chukueni zaidi ya cheti: orodha ya masomo yenye alama na saa, daftari la vitendo, na barua ya usajili. Tengenezeni nakala tatu. Moja ikae kwa ndugu aliye nje ya kambi, kwa sababu nyumba za turubai huungua.

WANAOTAKA KUANZA

Fikeni dawati la elimu mkiwa na kitambulisho cha mkimbizi au karatasi ya familia kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, vyeti vyote mlivyo navyo au nakala zake, na tangazo la shule mnayoitaka kama mnalo. Wenye vyeti vya Kongo waje kwanza, hata kabla ya kuchagua shule, kwa sababu kulinganisha vyeti ndiko kunakochelewa zaidi. Wauguzi na wakunga waliosajiliwa zamani nyumbani waje na chochote kinachoonyesha walifanya kazi wapi na mwaka gani. Anayependa kuona kazi hii kwa macho kabla ya kuamua aombe ruhusa kwa mkunga mkuu wa kituo. Akikubaliwa atapangiwa siku ya kliniki ya wajawazito au ya chanjo za watoto. Aje amenawa, bila simu mkononi.